Mtamba Asiyelia

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinivisha khanga, mkanipa kiti cha kupumzikia, na Neema, yule aliyeripoti juzi tu akitokea chuoni, akaniuliza swali huku keki ikikatwa: "Mama, hivi ng'ombe anaumwa akizaa? Maana mimi naona wanasimama tu, wametulia." Wengine mkacheka. Nikafungua kinywa nijibu, mkuu wenu akaanza hotuba, na ninyi mnazijua hotuba za mkuu wenu. Nikaondoka na jibu langu mdomoni. Sasa niko nyumbani Issenye, kuku wangu hawaniulizi kitu, nimeona nikae niliandike. Ni refu kidogo. Mwenye haraka arudi kwenye simu yake.

Kazi ya mifugo niliianzia Susuni. Tulikuwa vijana kadhaa tumepangiwa Tarime, na kila kituo kilikuwa kinaomba mwanaume. Bwana mifugo wa Susuni, Mzee Magesa, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama iliyochoka kuliko yeye mwenyewe, alinisogelea akaniambia nimwoneshe mikono. Nikadhani anataka kujua kama nimewahi kushika jembe. Akaishika, akaigeuza huku na huku, akasema, "Huyu wangu." Baadaye ndipo nilipoelewa. Mkono wake ulikuwa mnene, ukiingia kwenye uzazi wa ng'ombe mdogo wote wawili wanateseka, ng'ombe na yeye. Wangu ulikuwa mwembamba, unapita.

Wananchi hawakuwa na jina la mwanamke mwenye kazi ile, kwa hiyo na mimi wakaniita Bwana Mifugo. Mume wangu aliposikia mara ya kwanza akauliza, "Kama wewe ndiye bwana, mimi ni nani?" Mpaka leo hajajibiwa.

Vifaa vyetu vilikaa kwenye sanduku la bati nyuma ya baiskeli: ndoo, sabuni ya mche, chupa ya mafuta ya kula, bomba la sindano la chuma, na kamba. Mzee Magesa alikuwa na wivu na zile kamba. Zilikuwa za pamba, laini, amezisuka mwenyewe, na kila baada ya kazi tulizichemsha kwenye sufuria na kuzianika. Mtu akileta kamba ya katani alikuwa anaishika, anaizungusha kwenye kifundo cha mkono cha huyo mtu, anaikaza. Mtu akikunja uso, Mzee anaifungua, anamrudishia kamba yake bila kusema neno. Ile ndiyo ilikuwa semina yetu.

Na alikuwa na utaratibu mmoja ambao mwanzoni ulinichosha. Tukifika kwenye zizi hatugusi mnyama. Tunasimama. Mwenye ng'ombe anahangaika, sisi tumesimama kama tumekuja kununua. Halafu Mzee ananiuliza, "Amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu, Mzee."

"Basi angalia tena."

Nikajifunza kuangalia. Ng'ombe mwenye uchungu haachi tu kucheua. Masikio yanarudi nyuma na kulegea. Anageuza shingo na kutazama ubavu wake mwenyewe, kama kuna mtu amemwita huko. Mkia anaubeba mbali na mwili. Anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, anajipiga teke tumboni, analala, anaamka, analala. Na ukikaa karibu, ukanyamaza, unasikia meno. Anayasaga taratibu, krr, krr, na sauti hiyo ukishaijua huisahau. Kelele hapigi. Mbuzi ndiye anayeita kijiji kizima, mbuzi hana aibu na mtu. Ng'ombe anameza.

Nilimuuliza Mzee kwa nini. Akaniambia, "Wewe umetoka Issenye, unaniuliza mimi?" Na kweli, nilikuwa nalijua jibu. Utotoni tulikuwa tunawaona nyumbu kwenye nyasi fupi, jike linazaa huku linatembea, kimya kabisa, ndama anadondoka, anasimama na kuyumba, na mama yake tayari ameshainua kichwa kutazama fisi yuko wapi. Akilia, fisi anajua pa kwenda. Ng'ombe wetu amelala zizini kwenye miiba na walinzi, lakini mwilini mwake yule fisi bado yupo.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama mkwe alikaa mlangoni na mashangazi wawili, nami nililelewa kujua kwamba watu wa mlangoni wanasikiliza. Nikajikaza kisabuni. Kesho yake mama mkwe akasimulia kila aliyekuja na uji kwamba mkwe wake hakutoa hata sauti, na mimi nikafurahi, naapa nilifurahi. Niliporudi kazini, ng'ombe wa kwanza niliyekutana naye alikuwa amelala anasaga meno. Nikachuchumaa, nikamshika pembe, nikalaza paji langu kwenye shingo yake. Mzee Magesa akageuka akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku. Akatafuta muda mrefu sana, sanduku lenyewe ni dogo.

Alipostaafu aliniachia zile kamba. Nikahamishiwa Kemambo, nikapewa pikipiki, na huko Kemambo ndiko kulikotokea jambo ambalo ndilo jibu lenyewe la Neema.

Kulikuwa na mzee anaitwa Marwa, mfugaji, mwenye wake wawili. Mke mkubwa aliitwa Ghati, lakini watu walimwita Mama Mwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ng'ombe wa maziwa wa nyumba ya Ghati alikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe, akaacha ndama jike. Ghati akamlea yule ndama kwa chupa ya soda, akampa jina la Sukari. Wakati huo wote, maziwa ya wajukuu alikuwa anayafuata na kikombe kwenye nyumba ya mke mwenzake. Wanawake mnaosoma hapa mnajua kile kikombe kina uzito gani. Akasubiri Sukari akue, azae, kikombe kipumzike.

Sukari, bado mtamba, jike ambaye hajawahi kuzaa, akapata mimba mapema kuliko inavyotakiwa, tena kwa dume chotara la jirani, likubwa kama trekta. Nilipoliona tumbo nilimwambia Mzee Marwa anipigie simu mara tu dalili zikianza. Akaitikia vizuri sana. Aliyenipigia, asubuhi moja wakati nipo kwenye josho naogesha ng'ombe, alikuwa Ghati. "Daktari, njoo. Wanavuta."

Nilifika roho mkononi. Sukari alikuwa amelala kwa ubavu katikati ya zizi, miguu miwili ya ndama imetokeza, na kwenye ile miguu wamefunga kamba ya katani. Vijana wa ukoo wameishika kamba mstari mzima, wanavuta kwa wimbo, kama wanavyovuta gogo la mtumbwi. Wakiimba wanavuta, wakipumua wanavuta. Mzee Marwa anasimamia na fimbo yake. Na pale langoni, kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameketi mchinjaji kutoka upande wa Sirari, kisu ameshakinoa, kwa sababu ng'ombe akifa mwenyewe nyama haiuziki.

"Daktari, hii kitu itakufa bana," akaniambia kwa upole kabisa. "Wacha niichinje saa hii ikiwa na pumzi."

"Acheni kamba," nikasema.

Hawakuacha. Nikaenda nikakaa juu ya kamba. Makalio yangu wakati ule yalikuwa ya kutosha, kamba ikalala chini. Vijana wakacheka, lakini wakaacha.

Nikanawa, nikapaka sabuni na mafuta, nikaingiza mkono. Miguu ilikuwa sawa, kichwa hakikuwepo. Shingo ya ndama ilikuwa imepinda kurudi nyuma, kichwa kimelalia ubavu wake. Kwa hiyo kila walipovuta walikuwa wanazidi kumkunja ndani ya mama yake. Nikanyoosha vidole mpaka bega langu likagusa mkia, nikapata mdomo, nikaingiza kidole. Kikanyonywa. Yupo hai.

Nikamweleza Mzee Marwa: inabidi nimsukume ndama arudi ndani, nigeuze kichwa, ndipo tumtoe. Lakini Sukari anasukuma kuja nje kwa nguvu zake zote, na mimi siwezi kushindana na ng'ombe. Nitamchoma sindano ya ganzi kwenye mfupa wa mkia. Asisikie uchungu, aache kusukuma, nipate nafasi.

"Uchungu gani?" Mzee Marwa akauliza. Hakuwa anabisha kwa jeuri, alikuwa anashangaa. "Wewe daktari, ng'ombe yangu hii imelala kimya tangu asubuhi. Haijalia hata mara moja. Ingekuwa inaumwa ingelia. Unataka kuilevya na dawa, iende kwenye maziwa, kesho wajukuu wanywe ganzi?"

Nikamwambia dawa haikai kwenye maziwa hivyo. Nikamwambia asikilize meno. Akainama kidogo, akasikiliza, akasema, "Inacheua."

Msimcheke. Mwanaume wa pale siku yake ya jando alisimama mbele ya kisu na ukoo wote ukamtazama kope. Akipepesa, watoto wake watatambiwa. Tangu siku hiyo mtu anajua kwamba maumivu yana sauti, na asiye na sauti hana maumivu, au anayo kidogo tu ya kubeba. Mzee Marwa aliishi maisha yake yote hivyo na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Alikuwa anamsifia yule mtamba.

"Mura, shikeni kamba," akawaambia vijana.

Hapo nilikasirika, na nikiwa na hasira huwa sipandishi sauti, naishiwa. Nimepiga magoti kwenye matope, bomba la sindano mkononi, nikijua kwamba wakivuta tena mara chache tu uzazi utachanika na yule wa kwenye ndoo atasimama. Sukari akageuza shingo akatazama ubavu wake. Krr, krr.

Ghati alikuwa amekuja na beseni la maji ya moto. Akaliweka chini. Hakuondoka.

"Baba Mwita."

Mzee akamtazama.

"Watoto wote wale nimekuzalia ndani ya nyumba ile pale." Akaonesha kwa kidevu. "Wewe ulikuwa unakaa hapa nje na wageni. Iko siku ulinisikia?"

"Hata moja," Mzee Marwa akasema, na akawageukia vijana, kwa sababu lilikuwa jambo la kujivunia. "Mama yenu huyu hajalia hata siku moja. Watu wote wanajua."

"Basi," Ghati akasema, "na mimi nilikuwa nacheua?"

Hakuna aliyecheka. Kijana wa mbele aliiachia kamba, ikadondoka. Mzee Marwa alibaki amesimama na fimbo yake, mdomo wazi kidogo, akimwangalia mke wake kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba aliyoishi miaka yote. Ghati akaenda akaketi chini matopeni, akachukua kichwa cha Sukari akakipakata.

"Choma," Mzee akaniambia.

Nikachoma. Tukangoja dawa ishike, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko kazi yenyewe. Mkia ukalegea. Meno yakanyamaza. Ghati ndiye aliyeyasikia yakinyamaza, akainua uso akanitazama, na alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Nikafungua kamba ya katani, nikafunga zile za pamba za Mzee Magesa, nikamsukuma ndama ndani taratibu, nikakifuata kichwa. Kiliniponyoka mara ya kwanza. Kikaniponyoka tena. Mkono ulikufa ganzi bila sindano. Mwishowe nikaingiza vidole kwenye shimo la jicho, nikavuta pua ndani ya kiganja nisije nikachana kitu, kikageuka, kikaja kukaa juu ya miguu kama kinavyotakiwa kukaa.

Na hapa wadogo zangu nisikilizeni, hili ni la kazi. Siku nyingine zote mnamngoja mama asukume, ndipo mvute naye, akipumzika mpumzike. Akishachomwa ganzi hasukumi, kwa hiyo mnavuta kidogo, mnaacha, mguu mmoja kisha mwingine, kuelekea chini kwenye kwato zake, si kuja kwenu. Niliwaambia vijana hivyo, wakavuta kwa kunisikiliza mimi, bila wimbo. Ndama akatoka, dume, ulimi umevimba. Nikamsugua na majani makavu mpaka akapiga chafya. Mchinjaji akasimama, akakifuta kisu kwenye suruali ingawa kilikuwa safi, akasema, "Sawa tu, nitakuja Krismasi," akaenda zake.

Sukari aliposimama na kuanza kumlamba mtoto, Ghati alikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, kwenye kibuyu chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nanawa kwenye beseni. Mzee Marwa akaja akasimama karibu na mke wake, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Hata Mwita?"

Ghati hakuacha kukamua. "Mwita ndiye aliyetaka kuniua."

Mzee alikwenda kukaa kwenye ile ndoo aliyoiacha mchinjaji, akakaa hapo mpaka ninawasha pikipiki. Nilidhani ameudhika, na mambo yamekwisha.

Miaka ikapita. Nikazunguka vituo, nikarudishwa Kemambo kumalizia. Sukari alishazaa mara nyingi, mwenyewe, bila mimi, na kikombe cha Ghati kilitundikwa ukutani. Wiki chache kabla hamjanikatia ile keki, nilipita kwa Mzee Marwa kuchanja ng'ombe wake dhidi ya ugonjwa wa chambavu. Nikamkuta kazeeka, fimbo sasa inamsimamia yeye. Boma lilikuwa na wasiwasi. Robi, mke wa kijana wao wa mwisho, uchungu ulikuwa umemshika kabla ya siku zake, na mumewe alikuwa amesimama barabarani anatafuta gari la kumpeleka zahanati. Bodaboda zilipita, lakini mwanamke wa hali ile hapandi bodaboda. Robi yupo ndani na Ghati, na kwenye ukuta mdogo wa nje wamekaa wazee wa ukoo na wageni, wanaongea mambo ya mvua. Ndani kimya. Kimya kabisa. Nilikijua kile kimya.

Sasa mjue kwamba pale kwao baba mkwe na mkamwana hawazoeani. Hawapeani mkono, haingii nyumba yake, hamwiti kwa jina, akipita njia hii mwenzake anakata ile. Kumsemesha akiwa katika hali kama ile ni jambo ambalo hata kulifikiria ni aibu.

Mzee Marwa alinyanyuka polepole katikati ya maneno ya mvua. Alitembea mpaka zizini nilipokuwa nachanja. Akaupa ukuta wa nyumba mgongo, akashika mti wa lango, akawatazama ng'ombe wake. Kisha akasema kwa sauti kubwa, sauti ya kuitia mifugo, kila mtu akasikia mpaka ndani:

"Ninyi ng'ombe zangu. Anayeumwa alie. Katika boma hili hakuna mtu atakayecheka. Alie."

Wazee kwenye ukuta wakageuka. Nikashusha bomba la sindano. Ng'ombe walimtazama tu, wakiendelea kucheua.

Ikapita pumzi moja, mbili. Halafu kutoka ndani Robi akalia. Kilikuwa kilio kikubwa, kirefu, kilichotokea chini tumboni, na kilipokwisha akaanza kingine. Mzee Marwa alifumba macho, kichwa ameinamisha, mkono kwenye mti, akisikiliza. Hakuna aliyecheka.

Mlango ukafunguliwa, Ghati akatoka. Nilidhani amekuja kuniita, nikapiga hatua. Hakuniona. Alikaa chini kizingitini, akajifunika uso kwa khanga, na yeye akalia, kwa sauti, kama msichana. Kule barabarani mtoto wake wa mwisho, mume wa Robi, aliyemzaa kimya kama wenzake, alikuwa amesimamisha gari, anakimbia kuja, mwanaume mzima, ana ndevu.